Ndama Aliyezaliwa Kabla ya Awamu Yake

Rugarama, Masisi
Jumanne, tarehe 8 Julai

Kwa Padri Isidore,
Paroko wetu,
Parokiani

Yahusu: Ombi la kufuta tangazo la ndoa ya binti yangu, kuzuia tangazo la pili na la tatu, na kuamua hadhi ya ndama mmoja.

Mheshimiwa Padri,

Nakuandikia kwa heshima yote, nikitumaini kwamba kile kikohozi kilichokusumbua katika misa ya Jumapili kimekuachia. Mimi ni mzima. Françoise, mke wangu, ni mzima pia, ingawa tangu Jumapili hasemi nami isipokuwa mambo ya maziwa. Ng'ombe nao ni wazima, na mmoja wao ni mzima kupita kiasi, jambo ambalo nitalifikia katika lalamiko la tano.

Unanifahamu, Padri. Mimi ni Gatera wa kule juu, baba wa Alliance. Watu wengi hapa wananiona mfugaji tu, lakini wewe unajua kwamba kwa miaka sita nilikuwa Msaidizi wa Mipango katika shirika lililokuja kutuletea maji ya bomba. Nilipelekwa Goma kwa mafunzo ya siku tisa, nikarudi na cheti na kalamu nne. Huko nilifundishwa jinsi mradi wa kweli unavyokwenda: kwanza unapanga, kisha unachora, kisha unajenga, kisha unakagua, kisha unafunga. Kila awamu ina hati zake. Hati zikisainiwa, unashuka awamu inayofuata, na hurudi tena juu, kama maji ya maporomoko yasivyopanda. Kwa miaka ile sita tuliandaa hati za kupanga mpaka zikajaa kabati mbili za chuma. Bomba halikujengwa, kwa sababu wafadhili waliondoka tukiwa bado awamu ya kwanza. Lakini hati zipo kwangu hadi leo, kavu kabisa, hazijawahi kuguswa na tone la maji.

Kwa hiyo Jérémie, yule kijana anayechukua jibini letu na kwenda kuliuza kwa pikipiki kando ya ziwa, alipokuja Desemba na wazee wake kumposa Alliance, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kijana ana adabu. Ya pili, nilikuwa nimepata mradi. Niliwaeleza wageni kwa upole kwamba ndoa hii itakwenda kwa utaratibu wa maporomoko, na kwamba kabla ya yote tutakamilisha hati saba za awamu ya kupanga: Hati ya Kuzaliwa kwa Mradi, Hati ya Mahitaji, Jedwali la Majukumu, Daftari la Hatari, Ratiba Kuu, Mpango wa Mawasiliano, na Mpango wa Kupokea Kazi. Wazee walitazamana. Mmoja aliomba aongezewe pombe, nikaona hiyo ni dalili nzuri.

Miezi saba tumefanya kazi bila kuchoka, na tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Ndipo Jumapili iliyopita, mbele ya kanisa zima, ukasoma tangazo la kwanza la ndoa yao, na ukataja Jumamosi tarehe 26 ya mwezi huu huu. Nasikia vijana walikuja kwako na Françoise, na kwamba Françoise alikubali kwa niaba ya familia. Françoise ni mwanamke hodari na namheshimu, lakini katika mradi huu hana mamlaka ya kusaini. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Tangazo lenyewe limevunja Mpango wa Mawasiliano. Katika ukurasa wa nne wa mpango huo, kanisa ni mdau wa daraja la tatu, la kuarifiwa kwa waraka siku arobaini na tano baada ya mimi mwenyewe kuarifiwa. Mimi mwenyewe bado sijaarifiwa, kwa sababu anayepaswa kuniarifu ni mimi, na sijasaini. Tena ulipomaliza kusoma, akina mama wa kwaya walipiga vigelegele. Padri, vigelegele ni shughuli ya awamu ya tatu. Vikishatumika sasa, siku ya harusi watapiga nini? Nilikufuata baada ya misa nikuonyeshe kosa, nawe ukaniwekea mkono begani, ukasema: "Papa Gatera, batoto bamepatana, sasa unangoja nini?" Nilikujibu kwamba nangoja saini. Ulicheka, nami sikuwa nimefanya mzaha.

2. Lalamiko la pili ni juu ya Mzee Kanyamibwa, baba mdogo wa Jérémie na msemaji wa upande wa bwana harusi. Mzee huyu anaishi Walikale, upande wa Bisie, na kila kikao kinamgharimu siku mbili za njiani, wakati mwingine tatu kama barabara imeharibika. Nakiri kwamba amekuja mara nne. Mara ya kwanza alikuja kuposa. Mara ya pili nilimwita aje kusahihisha ajenda ya kikao kilichopita. Mara ya tatu aje kuthibitisha kwamba amesahihisha. Mara ya nne nilimkabidhi Hati ya Mahitaji, kurasa kumi na tisa, ambamo upande wake unapaswa kueleza kila kitu bibi harusi atakachohitaji katika maisha yake: madirisha mangapi, hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kisimani, jirani wa aina gani, na mama mkwe aseme mara ngapi kwa siku. Alizipima karatasi mkononi, akazirudisha juu ya meza, akasema watu wote wakisikia: "Gatera, siye tulikuya kuomba mutoto, hatukukuya kuomba kazi."

Niliandaa kumbukumbu za kikao kwamba amekataa kusaini. Alikataa kusaini kumbukumbu. Nikaandaa kumbukumbu kwamba amekataa kumbukumbu, naye akavaa kofia yake. Akiwa mlangoni alisema kwamba hatakuja mara ya tano ila kwa harusi, na kwamba tarehe 26 ikivunjika, ukoo wao utahesabu kuwa wamekataliwa. Watachukua ng'ombe wao na kijana wao, wakabishe mlango mwingine. Padri, hivyo sivyo mdau anavyozungumza na mdau.

3. Daftari la Hatari lina hatari sitini na moja. Sijivuni nikisema kwamba mradi mzima wa maji ulikuwa na thelathini na nane tu, na hapo tulihesabu radi mara mbili. Kila hatari ina mstari wake, na mbele yake kuna nafasi tupu ya kuandika hatua itakayochukuliwa hatari hiyo ikitokea. Nilimpa Jérémie daftari akae nalo wiki mbili, afikiri, ashauriane na wenzake. Alilirudisha baada ya saa moja. Hatari ya kwanza, barabara ya Sake imefungwa: "Nitakuya na miguu." Ya tano, pikipiki imeharibika: "Nitakuya na miguu." Ya ishirini, mvua imebeba daraja: "Nitakuya na miguu." Ya thelathini na nne, baba wa bibi harusi amebadilisha tarehe: "Nitakuya na miguu." Ya hamsini, bwana harusi amevunjika mguu: "Nitakuya na ile ingine."

Mistari sitini na moja, na jibu ni lile lile! Hilo si jibu la kitaalamu. Mtaalamu hutofautisha. Nilimwita Jérémie nikamweleza kwamba hatua ya kukabili hatari lazima iwe mahsusi, ipimike, na iwe na tarehe ya mwisho. Alinisikiliza vizuri kabisa, akaomba kalamu, akaongeza katika kila mstari: "Tarehe 26 ya mwezi wa saba." Hapo ndipo tarehe hiyo ilipozaliwa, Padri. Haikutoka katika ratiba yoyote, ilitoka katika ukaidi wa muuza jibini. Françoise aliposikia majibu hayo alilia, nami nikaamuru iandikwe kwamba mdau mmoja hakuridhika na ubora wa kazi.

4. Ratiba Kuu ndiyo hati ninayoipenda kuliko zote. Ni karatasi kubwa ishirini na mbili, na zikigundishwa pamoja zinatoka mlango wa sebule, zinapita jikoni, zinaishia kwa kuku. Kila shughuli ina mstari wake wenye rangi. Kuchagua kitambaa cha gauni: wiki kumi na moja, kijani. Kuhakiki kitambaa: wiki nne, njano. Kupanga nani akae kando ya nani bila ugomvi: miezi minane, nyekundu. Kwa mujibu wa ratiba hii harusi itafungwa Agosti mwaka 2029, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi pekee iliyobaki bila kugongana na shughuli nyingine.

Sasa Françoise, ambaye kila wiki anatafuta karatasi safi za kufungia jibini, aliona karatasi nyingi namna hiyo zimekaa bure, akazitumia. Jérémie mwenyewe, bila kujua, alibeba Machi hadi Septemba 2027 kwenye pikipiki yake na kuziuza sokoni Shasha. Siku tatu baadaye mvuvi mmoja wa huko alinipigia simu kwa namba iliyokuwa chini ya ukurasa, akaniuliza kama ile kazi ya Msimamizi wa Viti bado iko wazi. Nilimwambia atume barua ya maombi. Ameshatuma, tena nzuri, na ni mtu wa pekee katika jambo hili lote aliyefuata utaratibu.

5. Hapa naomba ukae kwenye kiti, Padri.

Jérémie, kabla ya kuanza biashara ya jibini, alibeba mizigo ya madini Rubaya miaka miwili, mgongoni, kutoka juu ya vilima hadi barabarani. Kwa jasho lile alinunua ng'ombe wa mahari. Anaitwa Bihogo kwa ajili ya rangi yake nyekundu iliyoiva, na ni ng'ombe mzuri, hilo sina ubishi nalo. Desemba walimleta tumkague. Kwa desturi, baba wa binti akimkubali ng'ombe basi ng'ombe amepokelewa, watu wanakunywa, mambo yanaendelea. Lakini kupokea ni hati ya saba, na sisi tulikuwa kwenye ya kwanza. Kwa hiyo sikumpokea. Niliagiza abaki katika malisho yangu kama ng'ombe anayesubiri, na maelezo yake yakaandikwa hivi: "Afya njema. Tumbo kubwa kidogo." Mimi niliyezaliwa kati ya ng'ombe, niliyejua kukamua kabla ya kujua kuvaa viatu, nilisema tumbo kubwa kidogo! Nilikuwa na haraka ya kurudi mezani kwenye karatasi.

Tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi, Bihogo alizaa ndama jike.

Wewe umekaa nasi siku nyingi, unaijua indongoranyo. Lakini kwa ajili ya watakaoletewa nakala za barua hii, naeleza. Ng'ombe wa mahari akishazaa kwa baba mkwe, baba mkwe anachukua ndama jike na kuwapelekea vijana nyumbani kwao, iwe mbegu ya zizi lao. Hilo ni jambo la mwisho kabisa. Linakuja baada ya harusi, mara nyingi baada ya miaka, na ndilo linalofunga yote. Katika utaratibu wangu ni shughuli ya mia moja na arobaini, awamu ya tano, Kufunga Mradi. Sasa ndama wa kufunga mradi amekwisha kuja, anarukaruka uani kwangu na kutafuna nguo kwenye kamba, wakati mradi wenyewe haujafunguliwa. Natakiwa kurudisha zawadi kwa ajili ya zawadi ambayo sijaipokea, nimpelekee binti ambaye bado analala nyumbani kwangu, katika nyumba ambayo bado si yake. Hakuna fomu ya jambo kama hilo, Padri. Kabati zote mbili zimetafutwa.

Nilijaribu njia za amani. Kwanza nilitangaza kwamba ndama hajazaliwa rasmi. Ndama hakujali, akaendelea kunyonya. Kisha nilimpelekea Mzee Kanyamibwa Ombi la Mabadiliko, nikimtaka amrudishe ndama awamu ya kwanza. Alinijibu kwa simu, na nilisikia watu wengine wakicheka nyuma yake: "Umurudishe weye mwenyewe mule alitokea, siye tutaangalia."

Halafu kuna maziwa. Bihogo si wangu, kwa hiyo maziwa yake si yangu. Si ya Jérémie pia, kwa kuwa ng'ombe yuko kwangu na majani anayokula ni yangu. Niliamuru asikamuliwe mpaka hati isainiwe. Bihogo alilia siku nzima, mpaka majirani wakapanda kuuliza ni nani amekufa. Mwishowe Françoise alichukua ndoo, akanipita bila kuniangalia, akamkamua na kutengeneza jibini. Jibini hilo halina mwenyewe. Nimelionja kidogo kwa ajili ya ukaguzi wa ubora, na naendelea kulikagua kila asubuhi na viazi.

6. Wa mwisho ni mfaidika mwenyewe, yaani Alliance. Katika Jedwali la Majukumu kila mtu ana kazi yake: Jérémie anatekeleza, Mzee Kanyamibwa anashauriwa, mimi naidhinisha, na ninaidhinisha mara arobaini na nane. Alliance ana alama moja tu: anafahamishwa. Hakupinga. Alliance hapingi kitu, ni mtoto mpole tangu alipojua kusema, na upole wake huo ndio unaonichosha. Angepiga kelele ningejua pa kuweka kelele zake. Badala yake, wiki iliyopita alimaliza kufuma mashuka yake, akayakunja, akayapanga vizuri ndani ya sanduku lake. Kisha akaniuliza bila hasira swali ambalo halimo katika orodha ya maswali: "Papa, unapangaka kwenda kwangu, ao unapangaka kubakia kwangu?"

Nilimjibu kwamba swali hilo, kama napanga aondoke au napanga abaki, lipelekwe kwenye kikao. Kikao ni mimi, na hadi leo hakijakaa.

Najua utaniuliza kwa nini mtu mzima ajisumbue hivi, naye ana ng'ombe wa kuchunga. Nitakuambia, na hapa sitanii. Katika maisha yangu nimeikimbia nyumba hii mara nne. Mara zote nne tulitoka sufuria likiwa motoni, ng'ombe huku, watoto kule, kila mtu na alichokishika. Alliance alizaliwa katika kukimbia kwa mara ya pili, chini ya hema la plastiki kwenye mawe karibu na Sake, na mkunga alikuwa mwanamke aliyekuwa akipita njia. Hakuna hata siku moja niliyoulizwa kama niko tayari. Ndiyo maana niliposikia kule Goma kwamba kuna namna ya kuishi ambayo jambo la pili haliji mpaka la kwanza limekwisha na mtu ameweka saini, niliipenda mpaka nikaona haya. Wenzangu walikuwa wanasinzia, mimi nilikuwa nataka kulia. Nilijiambia kwamba jambo moja la nyumba yangu, moja tu, litakuja kwa mpangilio.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Jumapili ijayo usisome tangazo la pili. Badala yake usome Tangazo la Kufuta Tangazo, ambalo nimeliambatanisha. Ni kurasa tatu tu, waumini wanaweza kusimama. Akina mama wa kwaya warudishe vigelegele vyao kwa kukaa kimya muda ule ule waliovipiga. Jérémie arudi awamu ya kwanza, aanze tena kwa kujitambulisha, nami nitajifanya simjui. Kuhusu ndama, utoe cheti chenye muhuri wa parokia kwamba ni ndama wa muda, asipewe jina, na asiongezeke ukubwa hadi Agosti 2029. Kama hilo la ndama linazidi mamlaka yako, ulipeleke kwa Askofu, na Askofu naye akiona linamzidi, alipeleke mbele zaidi. Sina wasiwasi na huko mbele. Mungu mwenyewe aliumba kwa awamu, siku kwa siku, na kila kazi aliitazama na kuikubali kabla ya kugusa nyingine. Huko juu naamini mtu wa mipango anaeleweka.

Uwasalimie wote wa hapo parokiani. Umsalimie katekista na kumwambia kwamba ngazi aliyoniazima bado ninayo, imekwama kwenye hatua ya tathmini. Uwasalimie masista na kuku wao. Uwasalimie wagonjwa, uwasalimie wanaofukuzana na mbuzi nyuma ya kanisa, na uwasalimie akina mama wa kwaya, hata hao waliokosea awamu, kwa kuwa sauti zao zilikuwa nzuri. Françoise angekusalimu pia kama tungekuwa tunazungumza.

Nabaki muumini wako, mwenye heshima na mwenye hati,

Gatera
Baba wa bibi harusi mtarajiwa
Msaidizi wa Mipango (mstaafu)

Viambatisho: Tangazo la Kufuta Tangazo, maelezo ya ndama, kipande cha jibini kwa uchunguzi.

Nakala: Mzee Kanyamibwa (Walikale); mvuvi wa Shasha; kabati ya pili.

P.S. Padri, utaona mwandiko umebadilika. Huu mbaya, unaopanda na kushuka, ni wangu. Barua yote hapo juu imeandikwa na Alliance. Macho yangu yameingia ukungu tangu mwaka juzi. Ng'ombe kilimani namwona, mstari kwenye karatasi siuoni, na Françoise hakusoma shule. Kwa hiyo mimi nasema, Alliance anaandika, na kilichoandikwa ananisomea. Hivyo ndivyo alivyoandika hati zote saba, na ratiba pamoja na rangi zake, kila siku akishamaliza kukamua mpaka wakati wa kuwasha moto wa kupika. Miezi saba ameandika kwa mkono wake mambo yanayoizuia harusi yake. Leo ameandika na haya, hadi la sita linalomlalamikia yeye mwenyewe, neno kwa neno, hakuacha kitu. Nilipotaja jina langu mwishoni aliniuliza tu: "Papa, imeisha?" Nikasema imeisha. Akafunika kalamu, akatoka kwenda kukamua.

Mimi nimebaki mezani. Kiti chake kiko wazi upande huu wa dirisha, nami nimekikodolea macho haya mabovu mpaka nimeona nilichokuwa napanga. Haikuwa harusi. Nilikuwa napanga aketi hapo kesho tena.

Kwa hiyo usifanye hata moja kati ya niliyoomba. Soma tangazo la pili Jumapili, na la tatu Jumapili inayofuata, kwa sauti, kikohozi kikikuruhusu. Bihogo nimempokea. Ndama nitawapelekea mwenyewe, wakishapata pa kumfunga. Na barua hii usinijibu kwa maandishi, Padri, uje tu tarehe 26. Baada ya hapo sitakuwa na wa kunisomea.